Beijing kwa Jina la Kenya

Vitu vya Asia havijawahi kukosa njia ya kufika Rodi Kopany, soko la njia panda katika kaunti ya Homa Bay. Magari ya Probox yanayoshindilia abiria kati ya Homa Bay na Rongo yalitoka Japani, na mengi yalizunguka mitaa ya huko miaka kadhaa kabla ya kupakiwa melini kuja Mombasa. Pikipiki za Boxer za vijana wa boda boda ni za kampuni ya Bajaj, yenye makao yake Pune, India. Simu iliyo mkononi mwa mama muuza omena huenda ni Itel au Tecno, mali ya kampuni ya Shenzhen. Dukani kuna mchele wa Pakistan, hotelini chai inamiminwa kutoka kwenye thamosi ya Kichina, na barazani fundi wa nguo anakanyaga Butterfly, ile cherehani nyeusi yenye nakshi za rangi ya dhahabu, kutoka Shanghai. Simama pale njia panda, mahali barabara ya Ndhiwa na Sori inapoachana na ile ya Homa Bay na Rongo, na nusu ya bara la Asia itakuwa imekupita kabla hujamaliza kula mhogo wako.

Kisichofika ni fikra za watu wa huko. Hafiki mchoraji, wala mpiga picha, wala mchonga sanamu aliyeishi Chongqing au Beijing, akaona ghorofa zikiota usiku na mchana, akaamua kuonyesha kwa mikono yake jinsi mji ule unavyomkaa kichwani. Tunapanda pikipiki zao, tunapiga simu zao, tunashona kwa cherehani zao, na hatujui wanaota nini.

Kuna wakati, hata hivyo, ambapo wasanii wa miji ya Uchina walikaribia kuwa ndugu zetu kwa karatasi za serikali. Haikuwa Rodi, wala haikuwa Nairobi. Ilikuwa Venice, Italia, na walisimama pale kwa jina la Kenya.

Biennale ya Venice ilianza mwaka 1895. Tangu Ubelgiji ilipojenga jumba lake mwaka 1907, mtindo umebaki ule ule: kila nchi ina banda lake, na kila banda lina bendera. Nchi zilizowahi mapema zina majengo ya kudumu katika bustani za Giardini. Waliochelewa hukodi kanisa kuukuu, ghala, ukumbi wa shule, au chumba kwenye mojawapo ya visiwa vidogo. Kwa utaratibu, serikali humteua kamishna, kisha humpata msimamizi wa maonyesho, naye msimamizi huchagua wasanii. Utaratibu huo unadhani kwamba serikali inajali, au angalau inasoma barua zake.

Mwaka 2013 banda la Kenya liliwekwa katika kisiwa cha San Servolo, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa na hospitali ya wagonjwa wa akili. Wenye kupenda mzaha walipata la kusema. Orodha ya wasanii ilikuwa na majina karibu dazeni, na ndani yake Wakenya wawili tu: Kivuthi Mbuno, mzee aliyewahi kuwa mpishi wa safari za kitalii na ambaye michoro yake ya penseli za rangi imejaa wanyama wenye shingo ndefu na watu wenye miguu myembamba, na Chrispus Wangombe Wachira. Alikuwemo Armando Tanzini, Mwitaliano wa Malindi. Waliobaki wengi wao walikuwa Wachina.

Hapa ndipo waandishi wengi waliacha kusoma wakaanza kupiga kelele, na mimi ningependa tusome mbele kidogo. Hao Wachina walikuwa nani?

Mmoja alikuwa Li Wei, wa Beijing. Huyu hujipiga picha akiwa amechomeka kichwa ardhini kama mwiko kwenye sufuria, miguu ikielekea mbinguni, au akipaa kutoka kwenye kingo za majengo marefu kana kwamba kuna mtu amemtupa. Hutumia vioo, nyaya na winchi, kisha humwachia mtazamaji kazi ya kujiuliza anaangukia wapi. Mwingine alikuwa Feng Zhengjie, mchoraji wa nyuso kubwa za wanawake wenye midomo minene na rangi kali za waridi na kijani. Macho yao yanatazama pande mbili tofauti, kama mtu aliyekaa sana mbele ya matangazo ya biashara hata akasahau kutazama mbele. Wa tatu, Chen Wenling, anajulikana kwa sanamu za mvulana mwembamba, mwekundu wa kung'aa, uchi, akicheka au akijikunyata kwa baridi.

Kazi hizo zinahusu mji. Zinahusu mtu mmoja anayejaribu kubaki na akili zake huku mji ukimkulia pande zote. Kijana aliyetoka Ndhiwa kwenda kutafuta kibarua Nairobi, akakaa wiki ya kwanza Kibera bila kujua kesho italetwa na nani, angemwelewa Li Wei mara moja, pengine kuliko Mwitaliano aliyekuja na tiketi ya siku mbili. Ila hakuna aliyepata nafasi ya kumwelewa, kwa sababu juu ya mlango paliandikwa Kenya. Mtazamaji alipoingia alitafuta Kenya, akaikosa, akatoka. Kibandiko kiliwafuta Wakenya wasiokuwepo na kikawafuta pia Wachina waliokuwepo.

Mwaka huo huo, katika jengo la kifahari upande mwingine wa mji, Angola iliingia Venice kwa mara ya kwanza na ikaondoka na Simba wa Dhahabu, tuzo ya banda bora la taifa. Haikupeleka jeshi. Ilipeleka mpiga picha mmoja, Edson Chagas, aliyekuwa akizunguka mitaa ya Luanda akipiga picha vitu vilivyoachwa: kiti kilichovunjika, mlango usio na nyumba, chupa kwenye ukuta. Picha hizo zilichapwa katika mabango makubwa, yakarundikwa sakafuni, na kila mgeni aliruhusiwa kuchukua. Ni mji mmoja ukitazamwa kwa jicho moja. Wala haikuhitaji fedha nyingi kuliko zetu, nadhani. Ilihitaji tu mtu wa Luanda atazame Luanda.

Tulipaswa kujifunza. Hatukujifunza. Mwaka 2015 orodha ya Kenya ilitoka tena, na tena ilikuwa karibu Uchina tupu: Qin Feng, Shi Jinsong, Li Zhanyang, Lan Zhenghui, Li Gang, na kundi la vijana linaloitwa Double Fly Art Center, lililozaliwa katika chuo cha sanaa cha Hangzhou. Tanzini alikuwemo tena. Mkenya wa kuzaliwa alikuwa mmoja, Yvonne Apiyo Brändle-Amolo, anayeishi Uswisi.

Aibu ilizidi kwa sababu ya mwaka wenyewe. Biennale ya 2015 ilikuwa ya kwanza kuongozwa na Mwafrika, Okwui Enwezor wa Nigeria. Simba wa Dhahabu wa kazi ya maisha alipewa El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanyia kazi Nsukka, Nigeria, kwa miaka mingi, yule anayeunganisha vifuniko vya chupa hadi viwe pazia linalofunika ukuta mzima. Wangechi Mutu, mtoto wa Nairobi, alikuwa katika maonyesho makuu aliyoyaandaa Enwezor. Afrika ilikuwa imekaa mezani kwa mara ya kwanza ikiwa mwenyeji, nasi tukawa tumemtuma jirani wa mbali atulie chakula.

Wasanii wa Nairobi walipiga kelele, wakaandika malalamiko yaliyosainiwa na wengi. Michael Soi alichora mfululizo alioupa jina la aibu ya Venice. Soi si mtu wa kunong'ona. Tayari alikuwa na mfululizo mwingine wa kejeli kuhusu mapenzi ya Uchina kwa Afrika, na rangi zake bapa hazikubakisha shaka juu ya nani anamlisha nani. Hassan Wario, aliyekuwa waziri wa michezo, utamaduni na sanaa wakati huo, alijitokeza akasema watu hao hawaiwakilishi Kenya. Serikali ikajitenga na banda lake yenyewe, jambo ambalo, ukilifikiria, ni kazi ya ustadi wa aina yake.

Ilitokeaje? Jibu si siri kubwa. Serikali haikuwa imetenga fedha. Mahali palipo na jina la nchi lisilo na mwenyewe, hutokea mtu wa kulitumia. Kuna watu wa kati wanaojua mlango wa kuingilia, na kuna wasanii wenye masoko na majumba ya sanaa nyuma yao, ambao kuandika Venice kwenye wasifu kunawapandishia bei. Kenya ilikuwa kibanda kisicho na kufuli. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni alikuja, akakuta mwenyeji hayupo, akajipikia.

Sasa niseme lisilopendwa na wenzangu. Katika ile orodha ya 2015 kulikuwa na msanii mmoja ambaye ningemlipia nauli ya basi kutoka mfukoni mwangu aje Rodi Kopany. Ni Li Zhanyang. Huyu alizaliwa kaskazini-mashariki mwa Uchina lakini kazi yake imekaa Chongqing, mji wa vilima, ukungu na pilipili. Hutengeneza sanamu ndogo na kubwa za watu wa kawaida, kisha huzipaka rangi za kupiga kelele: walevi wanaogombana, wacheza kamari, ajali iliyozungukwa na watazamaji, mauzo ya usiku, watu wanene wakila, polisi akijaribu kusikika. Kila mtu ana uso wake, kila mmoja anafanya jambo lake dogo la kipuuzi, na wote pamoja ni mji.

Peleka sanamu hizo kwenye soko la mifugo la Rodi siku ya chiro, yaani siku ya soko. Watu watacheka, na watacheka kwa sababu wanawajua wale. Yule dalali anayeshika mkia wa ng'ombe huku akimnong'oneza mnunuzi bei nyingine, yupo. Yule anayeangalia ugomvi huku mkono wake uko mfukoni mwa jirani, yupo. Kilichokosekana Venice ni jirani wa kumtambua. Kuweka kazi ya Chongqing chini ya jina la Kenya kuliwanyima watu wa Kenya nafasi ya kusema: huyu Mchina ametuchora bila kutuona.

Kuna waliowahi kufanya jambo hili vizuri. Mwaka 1997 Hou Hanru, Mchina aliyeishi Paris, na Hans Ulrich Obrist, Mswisi, walifungua huko Vienna maonyesho yaliyoitwa Cities on the Move. Walikusanya wasanii na wasanifu majengo zaidi ya 100 wa Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki, wakati miji ya huko ilikuwa ikibomolewa na kujengwa upya kwa kasi ambayo Ulaya haikuwahi kuiona. Maonyesho yalisafiri hadi London, New York, Bangkok na Helsinki, na kila yalipofika yalipangwa upya kwa namna nyingine, kama mji wenyewe unavyojibadilisha. Kilichonivutia mimi ni mgawanyo wake. Hayakugawanywa kwa nchi. Hapakuwa na banda la taifa wala mtu aliyebeba bendera. Ulikuwepo mji, na ndani ya mji mtu mmoja na wazimu wake. Nadhani hiyo ndiyo njia ya heshima zaidi ya kumtazama msanii. Akiulizwa anatoka mtaa gani, ana jibu. Akiulizwa anawakilisha watu milioni hamsini, anaanza kudanganya.

Tukirudi nyumbani: mwaka 2017 Kenya ilijaribu tena, mara hii kwa mikono yake. Jimmy Ogonga aliandaa banda kisiwani Giudecca na kuliita Another Country, jina la riwaya ya James Baldwin. Fedha za serikali zilizotarajiwa hazikufika kwa wakati na waandalizi walihangaika hadi mwisho, lakini kazi zilitundikwa. Walikuwepo Arlene Wandera, Mwangi Hutter, Richard Kimathi, Peterson Kamwathi na Paul Onditi.

Hao wawili wa mwisho wanastahili kutazamwa pamoja na Wachina wetu wa bahati mbaya. Onditi ana mhusika anayemwita Smokey, mtu mmoja mweusi kama kivuli, anayezunguka picha baada ya picha katika miji iliyopasuka, yenye minara na mabaki, bila rafiki. Smokey haulizi njia. Anapita tu. Kamwathi naye huchora kwa makaa na kuchapa kwa mbao, na kwa miaka amekuwa akichunguza foleni: watu waliosimama, migongo yao, subira yao. Kabla ya hapo alichapa mafahali, mafahali wazito waliobeba mjadala wa katiba mpya miilini mwao. Ukiwa mtu wa Nyanza Kusini hutaelezwa kwa nini fahali ni hoja ya kisiasa. Weka Smokey wa Onditi kando ya Li Wei anayeanguka kutoka ghorofani, na watu hao wawili watazungumza bila mkalimani.

Mimi, hata hivyo, nina shaka na hadithi inayosema kwamba fikra za mji huzaliwa katika mji mkubwa. Mji huanza mapema kuliko hapo. Huanza mahali kama Rodi, ambapo barabara mbili zimekutana, mtu akafungua duka, wa pili akafungua kinyozi, wa tatu akaona wale wawili wanahitaji kuandikiwa majina yao ukutani.

Fundi wa maandishi ndiye mchoraji wa kwanza wa mji wowote wa Kenya. Kabla mabango ya plastiki hayajaanza kuchapwa kwa kompyuta, yeye ndiye aliyeamua soko litaonekanaje. Alichora vichwa vya vijana wenye nywele za mtindo kwenye mlango wa kinyozi. Alichora samaki mzima kwenye sahani nyembamba kuliko samaki. Alichora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha, ng'ombe mwenye furaha isiyoelezeka, kana kwamba hajaambiwa kinachouzwa ndani. Mteja aliagiza maneno. Mengine yote fundi aliyatoa kichwani mwake. Kivuli cha herufi, rangi ya mdomo wa yule mrembo wa saluni, macho ya ng'ombe: hayo hayakuwa kwenye mkataba wala hayakulipiwa.

Siku hizi fundi huyo anasukumwa pande mbili. Upande mmoja kuna bango la kuchapwa, la bei nafuu, lenye picha iliyochukuliwa kwenye intaneti. Upande wa pili kuna kampuni za simu, za soda na za rangi zenyewe, zinazompakia mwenye duka ukuta mzima bure mradi ukuta useme jina la kampuni. Ndiyo maana miji yetu midogo mingi sasa inafanana: kijani hapa, nyekundu pale, buluu kule. Sisemi wenye maduka wamekosea. Rangi ni ghali, na mvua ya Nyanza haina huruma na ukuta. Lakini mtu akikueleza kwamba Wachina walichukua banda la Kenya, muulize pia ni nani aliyechukua kuta za soko lake.

Kwenye kazi hiyo hiyo ya maandishi ndiko lilikotoka mojawapo ya makundi yenye ucheshi mkubwa zaidi katika sanaa ya Kenya. Mwaka 2001, huko Kibera, Otieno Gomba na Otieno Kota, Wajaluo wawili waandika mabango, walizunguka kutafuta kazi wakiwa wamevaa shuka kama Wamaasai ili wateja wawakumbuke. Jina likabaki: Maasai Mbili. Waliacha kungoja mteja aseme aandikiwe nini, wakaanza kuandika na kuchora walichokiona wenyewe, kwenye mabati, magunia na mbao za kuokota. Karibu nao alikuwepo Solomon Muyundo, anayejiita Solo7, ambaye wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 alizunguka Kibera na kopo la rangi akiandika maombi ya amani kwenye kuta, milango na mabaki ya vibanda vilivyochomwa. Hakuna kamishna aliyemteua. Alikuwa na brashi na alikuwa na mtaa.

Na kutoka Migori, mwendo wa saa chache tu kwa matatu kutoka Rodi, alitoka Dickens Otieno.

Otieno alizaliwa Migori mwaka 1979. Mama yake alikuwa mshonaji, na yeye alikulia katikati ya vitambaa: vipande vilivyobaki, sare za shule, nguo zinazosubiri wenyewe waje na salio. Yeyote aliyekulia miji yetu anaujua ulimwengu huo wa mtoto chini ya meza ya cherehani. Nguo huionja kwa upande wa ndani kwanza, upande wa mishono na nyuzi zinazoning'inia, kabla hajauona ule upande unaopendeza watu. Anajifunza kwamba shati ni vipande. Anajifunza pia kwamba mji mzima unapita pale dukani, kila mtu na vipimo vyake, na mama anayajua mabega ya mwalimu mkuu na kiuno cha diwani.

Otieno alipofika Nairobi hakushona. Alichukua makopo ya soda na bia, ya alumini, akayakata yakawa vipande vyembamba kama utepe, kisha akaanza kuyafuma kwenye wavu wa chuma. Mkono unaingiza, unavuta, unakunja, unaingiza tena. Kutoka mbali kazi zake ni kitambaa: shati lililotundikwa, gauni, sare ya mtoto, au pazia pana linaloshuka kama mandhari ya shamba na vijia. Ukisogea, kitambaa kinageuka chuma. Ukisogea zaidi unaanza kusoma: nusu ya herufi, kipande cha nembo, ile nyekundu unayoijua, ile kijani unayoijua. Yale majina ya kampuni yaliyofunika kuta za soko yamekatwakatwa hadi hayawezi tena kuuza chochote. Yamekuwa rangi tu, na rangi sasa ni yake.

Wengi humlinganisha na El Anatsui, na si kosa, maana wote wawili huokota kile ambacho mji umemaliza kunywa. Lakini mazulia ya Anatsui yana fahari ya kifalme. Shati la Otieno lina ukubwa wa mtu. Ni shati la fulani. Unaliangalia unajiuliza nani alilivaa kwenda kazini, na kama lilimkwaruza shingo.

Mwaka 2022 Kenya ilirudi Venice, Jimmy Ogonga akiwa msimamizi tena, na wasanii wanne: Syowia Kyambi, Kaloki Nyamai, Wanja Kimani na Dickens Otieno. Banda liliitwa Exercises in Conversation. Miaka saba baada ya ile orodha ya aibu, mtoto wa mshonaji wa Migori alikuwa ndani, na makopo yake. Mwaka huo huo Uganda iliingia kwa mara ya kwanza, nayo ikaondoka na sifa maalumu ya majaji. Mmoja wa wasanii wake wawili, Acaye Kerunen, hufanya kazi kwa mikeka na ususi wa wanawake wa nchi yake. Afrika Mashariki ilipopata nafasi ya kujisemea, ilipeleka kazi za mikono ambazo mama zetu wanazijua majina yake yote.

Hapo ndipo ninaposhindwa kukubaliana na wale wanaosema banda la 2022 lilikuwa la Kenya halisi na yale mengine yalikuwa ya uongo. Cheti cha kuzaliwa hakimfanyi mtu kuwa msanii. Kazi ya Otieno ina nguvu kwa sababu haikukusudia kuwa Kenya. Ilikusudia kuwa shati. Feng Zhengjie alichora mwanamke anayetazama pande mbili kwa sababu ndivyo matangazo ya mji wake yalivyomfanyia. Hatukumkosea Feng kwa kumwonyesha, tulimkosea kwa kumvika nguo iliyopimwa kwa mtu mwingine.

Basi kazi za namna hii zingeonyeshwa nyumbani vipi? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti shughuli za utamaduni, pamoja na maktaba na makumbusho. Homa Bay na Migori, zilizokuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini kabla ya kugawanywa, zina hazina moja ambayo dunia imeikubali kwa maandishi: Thimlich Ohinga, boma la mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji yapata karne ya 16, lililoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Anayetoka Homa Bay kwenda kuliona hupitia Rodi, akashika njia ya Ndhiwa. Hupita, hanunui ila maji, kwa sababu hakuna kingine cha kumsimamisha. Kaunti zetu zinajua kujenga vibanda vya soko. Vya mabati, vyenye milango ya kukunja. Kibanda kimoja cha namna hiyo, chenye taa nzuri na mlinzi, kingetosha kwa maonyesho ya kwanza.

Ningeanza na watatu tu. Picha ya Li Wei ingekaa karibu na steji ya boda boda, na wale vijana wangetumia asubuhi nzima kubishana kamba imefungwa wapi. Sanamu za Li Zhanyang zingekaa upande wa mifugo, ambako zingegombewa bei kabla ya saa tatu. Shati la Otieno ningelipeleka kwenye baraza la mafundi wa nguo, kwa sababu wao ndio majaji ninaowaogopa. Watalipindua waone upande wa ndani. Watauliza limekula makopo mangapi, nani aliyepima mabega, na kwa nini mkono wa kushoto umekatwa hivyo. Kisha mmoja wao, aliyekuwa kimya muda wote, atauliza limeuzwa shilingi ngapi, na atakayejibu ajiandae kukaa hapo hadi jioni.